Rakaa Tatu za Adhuhuri

Alhamisi, mwezi wa nne, 1976
Vihingo

Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa tano, sasa imerudi tena na bati la jirani linapiga kelele. Nimekasirika. Sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haina pa kupelekwa, kwa hiyo naileta hapa kwenye daftari.

Leo nimesalisha Adhuhuri rakaa tatu.

Naandika tena nisije nikajidanganya huko mbele: tatu. Mtoto wa chuo cha Kurani aliyeanza juzi anajua kwamba Adhuhuri ina rakaa nne. Mimi nilikaa, nikasoma tahiyatu mpaka mwisho kwa raha zangu, nikageuza uso kulia nikatoa salamu. Kabla sijageukia kushoto nikasikia nyuma yangu, "Subhanallah!" Ndivyo maamuma wanavyomzindua imamu aliyekosea. Sauti niliijua. Ilikuwa ya mdogo wangu Pazi, tumezaliwa baba mmoja mama mmoja, na kila swala husimama safu ya kwanza, nyuma yangu kabisa.

Nikasimama, nikaongeza rakaa iliyobaki, nikasujudu zile sijida mbili za kusahau, nikatoa salamu upya. Swala imetengenea. Mimi ndiye sijatengenea.

Ni mara ya tatu wiki hii. Jumapili kwenye Isha nilipitiliza tahiyatu ya katikati. Jumatatu kwenye Alasiri nilinyanyuka kwenda rakaa ya tano, watu wakanizindua kwa pamoja mpaka nikakaa. Na leo haya. Ukikosea mara moja watu wanasema ni ubinadamu. Mara ya tatu wanaanza kutazamana.

Ngoja niseme hali ilivyo. Imamu wa kijiji chetu ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Miguu yake imevimba, kusimama muda mrefu hawezi tena, na tangu mfunguo tano, miezi miwili sasa, ameniachia mimi nisalishe. Kesho baada ya swala ya Ijumaa wazee watakaa waamue kama nafasi hiyo niishike moja kwa moja. Kabla ya baba mkubwa aliishika babu. Wakiniuliza mwenyewe nasemaje, huwa nainamisha uso na kujibu, "Nyinyi ndio mtakaoona inavyofaa, wazee wangu." Hapa hakuna wa kumdanganya. Naitaka. Naitaka sana.

Na mtu asiyeweza kuhesabu mpaka nne ataipataje?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi ni mwalimu, tena wa hesabu, darasa la tatu. Kutwa nagonga meza kwa rula: "Zingatieni! Akili zenu ziwe hapa mbele!" Jumatatu asubuhi nilimsimamisha Siwema, msichana mpole wa dawati la nyuma, kwa sababu nilimuuliza saba mara sita akabaki kunitazama tu. Nikamuuliza kwa nini hasikilizi. Akasema, "Nilikuwa nasikiliza, Mwalimu, ila sikusikia." Darasa zima likacheka. Nikamwacha amesimama mpaka kengele ilipolia.

Alasiri ya siku ile ile ndipo nilipokwenda rakaa ya tano. Nikiwa nimesimama pale peke yangu, mikono kifuani, watu wote wamekaa, nilielewa vizuri sana Siwema alikuwa na maana gani. Sijamwomba radhi bado.

Jumanne nilikuwa Kibaha kwenye semina ya walimu. Nilitembea mpaka Soga, nikapanda lori la mkaa, nikafika nimechafuka suruali yote. Kumbe mada ya asubuhi ilikuwa juu ya mwanafunzi asiyezingatia. Mkufunzi, mtu mfupi wa sauti nene, alijaza ubao mzima kwa sababu zake: njaa, usingizi haba, kelele, kazi nyingi za nyumbani, macho yasiyoona vizuri, woga, mwalimu anayechosha. Hapo kwenye mwalimu anayechosha tulicheka, yeye hakucheka. Halafu akageuza ubao na kuandika tiba. Mtoto apate chakula kabla ya masomo. Alale mapema. Apewe kazi moja kwa wakati mmoja. Akae mbali na dirisha. Wenzangu waliandika kwa ajili ya wanafunzi wao. Mimi niliandika kwa ajili yangu, huku nimefunika daftari kwa kiganja utadhani mtihani.

Nilirudi nimefurahi. Nilijiona nimeipata dawa, na siku zilizobaki kabla ya Ijumaa zilikuwa mbili kamili.

Jana Jumatano nikaianza kazi. Kwanza usingizi. Ni kweli silali. Jioni nafundisha darasa la elimu ya watu wazima, nikitoka hapo naandika taarifa za mikutano kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kijiji, nikimaliza nasahihisha madaftari. Basi jana nikawaambia wanafunzi wangu wazee kwamba leo tutaishia kwenye herufi "sha", kila mtu aende akapumzike. Walifurahi kuliko nilivyopenda. Nikaswali Isha nikalala hapo hapo.

Halafu chakula. Nilimpitia bwana dresa wa zahanati, nikamweleza kwamba kichwa hakitulii, pengine ni malaria. Akanipima joto, akanifungua jicho, akaniuliza asubuhi nakula nini. Nikamwambia chai ya rangi. Mchana? Chai ya rangi na muhogo kama upo. Akaniambia, "Ndugu Mwalimu, wewe huna ugonjwa. Una chai." Hakunipa hata kidonge kimoja. Leo asubuhi mama Tatu, mke wangu, alinipikia mihogo kwa tui la nazi nikala mpaka nikawa napiga mbweu mbele ya darasa.

Kisha kelele. Nyumba iliyopakana na msikiti ni ya fundi cherehani mmoja mwenye redio kubwa, anaiwasha tangu taarifa ya habari ya asubuhi mpaka betri zinalia. Nikamwomba aizime nyakati za swala. Akakubali, lakini amenuna. Leo nilipopita kumwamkia aliitika akiwa anatazama sindano.

Kwenye kazi nyingi ndipo tulipogombana na mama Tatu. Mkufunzi alisema kazi moja kwa wakati mmoja, nami nikakaa barazani nikaziandika kazi zangu zote kwenye karatasi. Zikafika saba. Nikamsomea. Akasema, "Baba Tatu, wewe kila anayepita njiani unamwitikia. Mtu akikuambia kamshikie mbuzi wake unakwenda. Futa." Nikafuta ukatibu wa kamati ya shamba la kijiji. Nikakaa kidogo nikauandika tena upya, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Akaona. Akachukua kibuyu chake akaenda kisimani, na mimi nikabaki namkasirikia kwa kosa ambalo ni langu.

Na bado nilikuwa na silaha moja ya mwisho, ambayo naona haya kuiandika lakini nitaiandika. Niliamua kuhesabu rakaa kwa vidole. Rakaa ya kwanza nakunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ya pili kinachofuata, hivyo hivyo mpaka vinne. Niliona nimekuwa mjanja kweli. Nilichosahau, mimi mtu mzima niliyeswali tangu utotoni, ni kwamba kwenye sijida viganja vyote viwili hutandazwa chini. Nikasujudu, vidole vikakunjuka vyote. Nikanyanyuka sijui nimefika kipi. Nikakunja viwili kwa kubahatisha, halafu nikawa nafikiria vidole badala ya swala, halafu sikufikiria hata vidole.

Ndipo nikatoa salamu kwenye ya tatu.

Kwa hiyo nimelala, nimeshiba, redio imezimwa, na bado. Hilo ndilo lililonikata maini. Ningekuwa na njaa ningesema ni njaa.

Baada ya swala watu hawakutawanyika kwa sababu ya mvua. Mzee Kibwana, ambaye anamtaka maalimu wa chuo ndiye awe imamu na wala hafichi, alisema kwa sauti ya kusikika, huku anatafuta makubadhi yake, "Sisi tumezoea nne. Kama zimepunguzwa tungeambiwa." Wengine wakacheka chini chini. Mimi nilijitia hamnazo, nikawa nakunja mkeka uliokwisha kunjwa.

Pazi ndiye aliyejibu. "Jamani, kaka yangu kachoka. Asubuhi ana watoto wetu, jioni ana wazee wetu, katikati hapa anatusalisha sisi. Nani kati yenu anaiweza hiyo kazi? Mzee wangu Kibwana, samahani, wewe unaiweza?" Mzee Kibwana akasema yeye alikuwa anatania tu. Pazi akanigeukia na kucheka, akanishika bega. "Usijali, kaka. Kesho nitawaambia wazee neno langu. Nafasi ile ni yako."

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilitamani anitukane.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu nilipofungua daftari hili. Baba mkubwa aliniita barazani kwake baada ya watu kuondoka. Nilimkuta ameweka miguu juu ya kigoda, inang'aa kwa uvimbe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nilitegemea anikaripie. Akaniuliza tu, "Kondo, ukipotea kwenye swala unakwenda wapi?"

Nikasema popote, baba mkubwa, uchovu tu.

Akatikisa kichwa. "Hakuna popote. Mimi mwaka mmoja nilikuwa nikisema Allahu Akbar nakwenda moja kwa moja shambani kwangu bondeni, naona nguruwe wameingia kwenye mpunga. Kila swala. Nikapigana na akili yangu, nikafunga, nikasoma nyiradi, wapi. Mwisho nikaenda nikajenga uzio." Akacheka mpaka akakohoa. "Kajenge uzio wako, mwanangu. Kesho ni Ijumaa."

Nikaaga. Mvua ilikuwa imepungua. Nilisimama nyuma ya darasa la nne mahali ambapo watu hawapiti, nikajiuliza swali lile lile kwa uaminifu, na jibu likaja bila kuchelewa kwa sababu lilikuwapo siku zote.

Najua ninakokwenda. Nakwenda pale pale kila mara, na ninaondoka Pazi anapokohoa nyuma yangu.

Ni mwaka ule wa kuhamia kijijini, miaka miwili iliyopita. Sisi wote tulikuwa tunakaa mbali mbali, kila mtu na nyumba yake katikati ya mikorosho yake. Pazi alikuwa kwenye mji wa marehemu baba, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka hapa. Kamati ilinipa mimi daftari, kwa kuwa ndiye niliyejua kuandika vizuri, nipange kaya zitakazochukuliwa na lori mwanzo na zitakazongoja mpaka mavuno ya korosho yaishe. Wenye mikorosho mingi walikuwa wangoje, ndivyo tulivyokubaliana. Pazi alinijia nyumbani. Alisema, "Kaka, niweke mwisho. Korosho ndiyo kwanza zinaanza kuanguka." Nikamwambia asijali, nimeshaandika.

Nilikuwa nimeshaandika kweli. Nilikuwa nimemwandika wa kwanza.

Kulikuwa na mgeni anakuja kutoka wilayani kutazama watu wanavyohama. Mimi nilitaka daftari langu lifunguliwe na jina la juu kabisa liwe la ndugu yangu mwenyewe, ili isemwe kwamba Mwalimu Kondo hapendelei, Mwalimu Kondo ametanguliza damu yake. Mgeni alikuja, akalitazama daftari muda wa kumeza mate, akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza jina la mtu.

Lori lilipofika kwake Pazi alikuja mbio kwangu, hana hata shati. Nilimwambia orodha imebadilishwa huko juu. Nilisema hivyo, "huko juu," na nikanyosha kidole kuelekea Kisarawe, wilayani. Akaniamini. Alipanda lori na mkewe na watoto na kuku wanne. Wiki tatu za kwanza ilikatazwa mtu kurudi alikotoka mpaka amejenga, na tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe mbele ya watu. Aliporudi kule, tumbili walikuwa wamemaliza nusu na mvua imeozesha nusu. Masika yale familia yake ilikula ndiga, ile mizizi ya porini ambayo usipoiloweka siku za kutosha inakulewesha. Mtoto wake wa pili alilewa siku mbili, akapona.

Nikampelekea debe la unga. Akanipokea kwa mikono miwili, akaita watoto wake waje wamshukuru baba yao mkubwa. Walijipanga mstari.

Kule ndiko ninakokwenda kwenye swala. Nasema Allahu Akbar, Pazi anakohoa, na mimi nipo uani kwake nimeshika debe, watoto wanne wananiamkia. Nikirudi, sijui nipo rakaa ya ngapi.

Haya yote mkufunzi wa Kibaha hakuyaandika ubaoni, na asingeweza kuyaandika. Nimeacha kumlaumu.

Sikurudi darasani. Nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi cha mwisho, nikaenda shambani kwa Pazi nikiwa na nguo za shule na viatu vinavyoingiza maji. Kiwanja alichopewa hapa kijijini ni cha mchanga mtupu. Alikuwa anapalilia miche yake ya mikorosho. Ina urefu wa magoti yangu. Itakapozaa, mtoto wa kwanza wa Pazi atakuwa anamaliza shule.

Aliponiona akatabasamu. "Kaka! Umeacha watoto na nani?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasahau yote. Nikasema, "Pazi, ile orodha ya lori niliiandika mimi."

"Si najua wewe ndiye ulikuwa unaandika."

"Haikubadilishwa na mtu. Nilikuandika wa kwanza tangu mwanzo."

Alipiga jembe mara mbili zaidi, kisha akaliacha limesimama mchangani. Akasema, "Nilikuomba."

"Uliniomba."

"Kwa nini basi ulifanya vile?"

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya mgeni na daftari na jina la juu. Nikisikia sauti yangu mwenyewe ikiyasema nikaona jinsi yalivyo madogo. Mtu angeweza kudhani kulikuwa na sababu kubwa, vitisho au shida fulani. Haikuwapo. Nilitaka kusifiwa.

Pazi alinitazama muda mrefu. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu, na sikuwa nimejitayarisha nalo.

"Na ule unga?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Niliwaita wanangu wakushukuru, kaka. Wewe umesimama pale unajua."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri. Akaling'oa jembe, akainama kwenye mche mwingine, akanipa mgongo. Baadaye kidogo akasema bila kugeuka, "Leo usisimame mbele yangu." Sikuelewa mara moja anamaanisha nini. Nilidhani ananifukuza shambani. Nilipokuwa narudi njiani, nimeloa mpaka fulana, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anasema habari ya swala.

Alasiri niliiswali njiani peke yangu; Magharibi nimetoka kuiswali sasa hivi. Nilimwambia mwadhini kwamba leo sisalishi, amsogeze maalimu wa chuo. Mzee Kibwana alinitazama kwa mshangao, naona alikuwa ameshaandaa neno jingine. Nilikwenda safu ya pili, mwisho kabisa, karibu na ukuta wa udongo unaovuja. Sijasimama huko tangu mfunguo tano. Unaona visigino vya watu, unaona nani kanzu yake imechakaa, na unasikia.

Pazi alichelewa. Aliingia wakati maalimu ameshaanza kusoma. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa, na yetu ilikuwa imejaa ila nafasi moja, kulia kwangu. Sikugeuza uso, lakini niliona miguu yake imesimama mlangoni, ina mchanga wa shambani mpaka kwenye kifundo. Ilisimama kitambo. Halafu ikaja.

Aliswali pembeni yangu. Katika safu mabega hugusana. Yetu yaliachana kwa upana wa kidole, na upana huo nilikuwa nauhisi katika kila rukuu.

Sikupotea. Nasema ukweli, rakaa zote tatu nilikuwapo. Nilisikia kila aya aliyosoma maalimu, nikasikia mahali alipokosea herufi na kurudia, nikasikia matone yanayoanguka ukutani, nikamsikia Pazi anavyopumua. Alikohoa mara moja na sikwenda popote. Nilikuwa nikiidai akili hii iliyotulia wiki nzima, kwa mihogo na usingizi na vidole. Nilidhani ikija itakuja na raha.

Maalimu akatoa salamu. Watu wakaanza kupeana mikono kama kawaida, kulia na kushoto. Nikanyosha wangu.

Pazi aliutazama. Aliutazama vizuri, si kwamba hakuuona. Kisha akainuka, akachukua kandambili zake, akatoka kwenye mvua.

Nilibaki nimenyosha mkono mpaka mzee wa safu ya mbele alipogeuka akaushika yeye, akidhani nimemnyoshea yeye. Akaniambia, "Taqabbal, Mwalimu," yaani Mungu aikubali swala yako. Nikaitikia.

Basi. Kesho wazee wakikaa nitawaambia wamwachie maalimu nafasi ile, na wakiniuliza sababu nitawasomea orodha ile na kusema aliiandika nani, maana uongo ule sikumwambia Pazi peke yake. Mzee Kibwana atafurahi, mwache afurahi. Naona uchungu, siwezi kuficha. Nimeitaka tangu nikiwa mtoto ninayebeba mkeka wa babu, na nimeipoteza kwa mkono wangu mwenyewe na kalamu yangu mwenyewe, mwaka ambao nilijiona mtu mwema kuliko wote kijijini.

Asubuhi nitamwambia Siwema anisamehe mbele ya darasa lile lile lililomcheka. Hilo nalijua. La Pazi silijui. Sijui kama atakuja Alfajiri, na akija sijui atachagua kusimama wapi, msikiti ni mdogo lakini una pembe nne.

Mimi nitakuwa safu ya pili, mwishoni, karibu na ukuta. Kulia kwangu nitaacha nafasi ya mtu mmoja. Najua safu haiachwi wazi. Nitaishika mpaka swala itakapokimiwa, na isipopata mtu, nitasogea.